Sauti Tatu za Kuze

Minneapolis, Jumapili 22 Septemba 1996

Dada Khadijah,

Shikamoo. Mimi mzima. Salmin naye mzima, ameongeza mwili mpaka koti la baridi la mwaka jana halimfungi kifuani. Nimetanguliza hayo ili yanayofuata uyasome ukiwa umetulia.

Jana Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana, nilikusikia ukiimba kwenye redio ya Marekani.

Nitaeleza kwa utaratibu. Unajua mwanao ana kipindi katika redio ya chuo chao, kila Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Anapiga nyimbo za soul za miaka ya sabini, hasa za wale akina dada wa huku waliokuwa wakiimba watatu watatu, mmoja mbele na wawili wakimjibu. Ndio wale ambao hatua zao tuliziiga mbele ya kioo cha kabati la mama mpaka kioo kikalegea. Mimi nilikuwa kazini, chumba cha dobi cha hoteli, Bloomington, nakunja shuka na Lucky. Lucky ni Mmarekani mweusi wa Saint Paul, amenipita miaka kama kumi. Yeye hushika ncha mbili, mimi mbili, tunakutana katikati. Redio yake ndogo hukaa juu ya rafu ya foronya, na kipindi cha Salmin hakimpiti.

Basi Salmin akasema kwa Kiingereza chake kile cha puani: "Hii ni kanda niliyotoka nayo nyumbani, pwani ya Kenya. Haina jina. Nimewauliza watu, hakuna ajuaye. Sikilizeni hawa watoto."

Kisha ukaanza wewe. "Sikungoji, mlango wangu komeo liko ndani."

Anawaita watoto kwa sababu sauti zimekuwa nyembamba kama za wasichana wa miaka kumi. Betri za ile mashine zilikuwa zimechoka, kanda ikarekodi kwa mwendo wa polepole, na sasa mashine yenye nguvu kamili inaikimbiza. Ndiyo maana mwanao hakukujua. Ameongeza kwamba kuna kinanda kinachotembea chini ya sauti. Kinanda hicho, Dada, ni mimi. Na zile pembe za vugo tulizokuwa tukizigonga anasema ni vijiti vya mbao. Baina ya wimbo wa kwanza na wa pili kuna kimya cha ghafla, kama mtu aliyefuta kitu.

Lucky aliacha ncha zake, shuka ikaanguka sakafuni. Akaniuliza, "Nani huyo anayeimba chini? Huyo ndiye anayebeba nyumba." Nikamwambia simjui. Nilipofika chumbani niliandika katika daftari langu: leo nimejikana.

Salmin anataka mwenye kujua ampigie simu. Mimi nakumbuka kiapo chetu cha tarehe 4 Septemba 1975, kwamba hakuna atakayetaja jina la kikundi chetu, Banati Kuze, mbele ya mwanamume yeyote mpaka wote watatu tukubali. Mwanao ni mwanamume. Naomba ruhusa yako, na uniombee ya mwenzetu Faridah.

Mdogo wako,
Kibibi


Mombasa, 9 Oktoba 1996

Kibibi,

Marahaba. Jibu langu ni hapana. Ningeliweza kuishia hapo nikaokoa karatasi.

Nina wasichana arobaini na wawili madrasa. Mama zao wananiletea kwa sababu wakinitazama wanaona mwanamke aliyetulia. Unataka wasikie kwamba mwalimu wao alikuwa akiimba "komeo liko ndani" huku akizungusha bega? Na Alwi je? Miaka ishirini ya ndoa hajapata kusikia sauti yangu ikipanda. Nilichukua hadhari tangu siku ya kwanza, nisije nikaimba jikoni akaifananisha na ile kanda iliyokuwa ikipigwa kwa vinyozi. Salmin nilimlaza kwa majedwali ya hesabu, wengine wakiwalaza watoto wao kwa nyimbo. Wewe wajua.

Habari ya Faridah usiniulize. Kanda ilitoka ndani ya mashine ya kwao, na hakukiri. Nikimwona sokoni navuka barabara. Ukimtaka, mwandikie mwenyewe. Bado yupo mtaani kwetu Kuze, anashona nguo za maharusi.

Lakini nina swali. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu wewe, mwana wa mama, tangu utotoni huandiki neno usilolijua. Umesema betri za mashine zilikuwa zimechoka siku ile. Mimi sikuiona mashine siku ile. Faridah alisema hakuiona. Wewe umejuaje?

Jibu hilo kwanza.

Khadijah


Minneapolis, Jumamosi 26 Oktoba 1996

Dada Khadijah,

Nimejua kwa sababu niliiwasha mimi.

Sitajitetea kwa maneno ya leo. Daftari la 1975 ninalo, limevuka bahari ndani ya sanduku langu chini ya nguo. Nanakili kama lilivyo.

"Jumamosi 16 Agosti. Alasiri, kupamba kwa bibi harusi Zuhura, uani kwa kina Faridah. Chini ya kitanda cha chumba cha kuvalia kuna redio kaseti ya kaka yake Faridah. Nimetia kanda yangu, nimebonyeza. Taa ya betri inafifia. Tumeimba mbili. Nilipotaka kuitoa, mkanda umenasa, kifuniko hakifunguki. Nimeiacha."

"Jumatatu 18 Agosti. Mamake Faridah ameipeleka mashine kwa fundi wa redio, Kibokoni. Sikusema."

"Jumanne 2 Septemba. Kinyozi wa Kibokoni anapiga Sikungoji, wanaume wamejaa mlangoni. Baba amerudi nyumbani hasemi."

"Alhamisi 4 Septemba. Tumeapa. Khadijah amemwambia Faridah, ni mashine yenu. Faridah amelia. Sikusema."

"Jumatatu 15 Septemba. Faridah ametolewa shule. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki wiki saba. Sikusema."

Nilitaka kuisikia sauti yangu mara moja tu. Wewe ulikuwa ukijisikia, Faridah alikuwa akijisikia. Anayeimba chini hajisikii, anawasikia wenzake. Hiyo ndiyo sababu, wala si udhuru. Leo nimemwandikia Faridah pia. Barua zote mbili zinaingia sanduku la posta pamoja.

Sasa mambo mawili ambayo lazima uyajue.

Kuna mtu anaitwa Maurice, anakaa Coon Rapids, ni Mkenya wa Nairobi, anafanya kazi hospitali. Amempigia Salmin simu akasema wasichana wale ni wake. Alikuwa na bendi Nairobi, ati yeye ndiye aliyewaokota, akawafundisha kupanga sauti, na kinanda alipiga yeye. Kinanda! Salmin amefurahi sana. Amemwalika aje studio Jumamosi tarehe 7 Desemba, kipindi cha mwisho kabla chuo hakijafungwa, aeleze historia yake na kutaja majina. Majina gani atakayoyataja sijui, ila hayatakuwa yetu.

Nilimweleza Lucky yote. Yeye si mwanamume, kiapo hakikuvunjika. Akacheka kicheko kikavu. Kumbe mwaka 1972 yeye na dada zake wawili walikuwa kikundi pale Saint Paul, wakiimba kanisani asubuhi na kumbini jioni. Akaniambia: "Mpenzi, sauti yangu iko kwenye santuri nne. Jina langu haliko hata kwenye moja. Limeandikwa la mwanamume aliyetushikia mlango. Dada zangu wote wawili wamekufa, na nikisema ilikuwa sisi, watu wananiitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mgonjwa." Kisha akasema, "Wewe wenzio wako hai. Unangoja nini?"

La pili. Nilimuuliza Salmin kanda kaipata wapi. Alikuwa ana-drive, macho mbele, akajibu kama mtu anayetaja duka la mkate: "Si Baba alinipa? Airport, siku naondoka. Akaniambia nikimiss nyumbani niisikilize."

Dada, Alwi ndiye aliyempa.

Mdogo wako mwenye kosa,
Kibibi


Minneapolis, Jumamosi 26 Oktoba 1996

Faridah,

Sina haki ya kukuuliza hali, kwa hiyo nasema niliyoyakusudia. Kanda ya kupamba kwa Zuhura niliitia mimi katika mashine ya kaka yako, bila wewe kujua wala yeye kujua. Iliponasa niliiacha humo. Ulipolaumiwa nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka, mita moja kutoka kwako. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka uliofuata. Wewe ulikuwa na akili za hesabu kunishinda.

Mtoto wa Khadijah anaipiga kanda ile huku, hajui ni ya nani. Mtu mmoja anataka kusema ni yake. Nikipata ruhusa yenu nitataja majina yetu tarehe 7 Desemba. Ukikataa nitanyamaza, na sitakuuliza sababu.

Kibibi binti Omar


Mombasa, 11 Novemba 1996

Kibibi,

Nimevuka barabara miaka ishirini na moja.

Nilimwona Faridah ananunua ndizi, nikavuka. Mamake alipofariki nilikwenda matanga nikakaa chumba cha mbali. Mara moja aliangusha vitambaa vyake mbele ya posta, upepo ukavitawanya, watu wakamsaidia kuokota, mimi nikasimama upande wa pili nikijiona nina haki. Haya yote umenifanyia wewe, na daftari lako likiandika tu, sikusema, sikusema, kama karani wa mahakama.

La Alwi sijui nilisemeje. Nampikia, namwekea sahani, sijamtazama usoni siku tatu. Ameniuliza kama jino linauma.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Khadijah


Mombasa, Jumatano 27 Novemba 1996

Kibibi,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Wanjohi, kijana wa chuo kimoja na Salmin, aliyekuja kumzika babake na anaruka kesho. Nimemwambia asipoifikisha kabla ya tarehe saba asinipitie tena mlangoni.

Nimekwenda kwa Faridah. Nilikwenda Ijumaa alasiri nimevaa buibui jipya, sijui kwa nini, kama mtu anayekwenda kuposa. Alikuwa kwenye cherehani. Hakuinuka. Akasema, "Keti, namaliza upindo." Ulikuwa upindo wa gauni la bibi harusi, mrefu kama kutoka hapa mpaka Makupa. Akaushona wote, mimi nimekaa. Alipokata uzi akasema, "Barua ya mdogo wako ninayo. Yako iko wapi?"

Nikamwambia yangu ni mimi mwenyewe.

Nilimwomba radhi, Kibibi. Sikukutaja wewe. Kumlaumu bila ushahidi lilikuwa kosa langu, si lako. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Ile sehemu ya pili, ya Sikungoji, mimi nilikuwa napanda au nashuka? Nimesahau." Nikamwonyesha kwa mkono kwamba alipanda. Akasema mkono haumwambii kitu. Basi ikanibidi niimbe. Mle ndani, mlango umefungwa, kidogo tu. Akaingia juu yangu palepale alipokuwa akiingia zamani. Hatukumaliza. Fundi wake aliingia na vifungo.

Amekubali. Ana sharti moja: kabla jina la mtu yeyote halijatajwa hewani, useme wewe, kwa kinywa chako, redioni, ni nani aliyeitia ile kanda katika mashine. Si kwa barua. Aliaibishwa mbele za watu, na anataka isemwe mbele za watu, hata kama ni watu wa theluji wasiomjua.

Halafu nikaenda dukani kwa Alwi. Alikuwa anachomelea waya, miwani imemshuka puani.

Nikamwambia, "Ile kanda uliyompa mtoto uliitoa wapi?"

"Ipi?"

"Usinifanyie ipi, Alwi."

Akazima chuma cha kulehemu, akakiweka juu ya kigae. "Ndani ya mashine ya kina Faridah. Mwaka wa sabini na tano. Nilikuwa fundi niliyeajiriwa wakati ule."

"Na ukaieneza mji mzima."

"Fundi mwenzangu. Nilikwenda kusali adhuhuri, niliporudi ameshanakili wimbo wa kwanza. Wa pili niliuwahi. Nilizunguka kwa vinyozi wote wa Kibokoni nikikusanya nakala. Mtu namtengenezea redio bure anipe kanda. Nilizipata zote isipokuwa mbili."

"Na ulijua ni mimi?"

"Kabla ya wimbo wa pili kuna mtu anasema, Khadijah, anza wewe. Nililifuta jina lako kwa mkono wangu, siku ileile."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote. Akasema, "Ningekwambia, ungedhani nimekuoa kwa ajili ya kanda."

"Basi ulinioa kwa ajili ya nini?"

Akafikiri. Wamjua Alwi, hajibu ovyo. "Kwa ajili ya kanda," akasema.

Nilicheka mpaka mwenye duka la pili akachungulia. Nikamwambia, "Na mimi niliyemlaza mtoto kwa majedwali!" Akasema, "Nilikuwa nikiyasikia. Jedwali la saba ulikuwa ukilitia mahadhi." Kisha akasema jambo ambalo nalibeba tangu siku ile: "Nilikuwa nangoja uanze mwenyewe. Sikutaka ionekane ni mume aliyekuruhusu."

Basi naanza mwenyewe. Karatasi ya pili humu ndani ni ya kusomwa. Isome kama ilivyo, usiipambe. Wasichana wangu wa madrasa nitawaeleza kabla hawajaelezwa na wengine. Mama atakayemwondoa mwanawe, amwondoe. Nitakuwa nimemfundisha herufi zote tayari.

Dada yako,
Khadijah


Minneapolis, Jumapili 8 Desemba 1996

Kwa Khadijah na Faridah, mwisome pamoja,

Shikamooni nyote wawili. Nimesema. Naandika yaliyotokea jana kabla hayajanichanganyika.

Wanjohi alileta barua Jumatano. Jumamosi Salmin alinifuata asubuhi. Alidhani nataka tu kuiona studio. Lucky alikuwa kiti cha nyuma, amevaa kofia ya manyoya ya kanisani. Tulipofika maegesho ya chuo nilimwambia Salmin asizime gari, kwa sababu ya baridi. Nikamwambia wale si watoto, na mbele anaimba mamake.

Kisha akasema, "Mama? Mama yangu? Yule anayeniambia nipunguze redio?"

Nikamwambia ndiye.

"Na Baba anajua?"

"Babako alijua kabla hujazaliwa."

Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita akaruka ndani ya theluji. Lucky akasema kwa Kiingereza, "Mwacheni, anahesabu umri wake upya."

Maurice alikuwa ametutangulia studio. Ni mtu mnene mpole, suti ya kijivu, ameleta hata picha za bendi yake. Salmin hakumwambia neno. Kipindi kikaanza, wimbo ukapigwa, Maurice akaulizwa. Akasema vizuri sana: Nairobi, mwaka 1974, wasichana watatu kutoka mashambani, hawakujua kitu, akawapanga, wa juu huku, wa chini kule, kinanda chake kikiwaongoza.

Salmin akasema, "Hapa studio yuko pia mama yangu mdogo. Ana la kusema."

Nilitimiza sharti la Faridah kwanza, kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili, ili nisijifiche nyuma ya lugha. Nilisema: "Kanda hii iliwekwa kwa siri na mimi, Kibibi binti Omar, tarehe 16 Agosti 1975, katika nyumba ya Faridah binti Athmani. Yeye hakujua. Alilaumiwa kwa ajili yangu, akatolewa shule kwa ajili yangu, na mimi nilijua nikanyamaza." Salmin alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Sawa. Na aone.

Kisha nikasoma karatasi ya Khadijah. Nainakili hapa kwa kuwa sasa ni mali ya Faridah pia:

"Mimi ni Khadijah binti Omar wa Kuze, Mombasa, mwalimu wa madrasa, mke wa Alwi fundi redio, mama yake Salmin. Sauti ya kwanza ni yangu. Ya pili, ile inayopanda, ni ya Faridah binti Athmani. Ya tatu, ya chini, ni ya Kibibi. Jina letu lilikuwa Banati Kuze, yaani wasichana wa Kuze. Tuliwaimbia wanawake wenzetu katika maharusi yao, mlango umefungwa, na tuliimba vizuri. Hatua na mitindo tuliichukua kwa akina dada wa Amerika kutoka santuri iliyokwaruzika, nao tunawashukuru. Kujibizana tulikuwa nako, tulikurithi kwa bibi zetu na pembe zao za vugo. Hakuna mwanamume aliyetufundisha. Kama yupo anayesema alitufundisha, aulizwe tulikuwa tukisimamaje."

Maurice akakohoa. "Mama, na kinanda je? Kinanda kinasikika."

Nilimwashiria Salmin aipige tena, na ilipofika sehemu yangu nikakivuta kipaza sauti karibu, nikaimba chini yake. Mimi wa miaka thelathini na minane chini ya mimi wa miaka kumi na saba. Nilikuwa chini zaidi ya kanda, ilinibidi niitafute, lakini niliipata. Mstari wa tatu Lucky akaingia katikati, hajui hata neno moja, anasema "ngoji, ngoji" tu. Alikuwa amefumba macho.

Tulipomaliza Maurice alikuwa ameshavua miwani. Akasema redioni, namnukuu: "Basi mimi nilikuwa na wasichana wengine. Hawa siwajui. Na hao wangu sasa hivi nawaonea haya, maana hata majina yao siyakumbuki." Akaomba akiyakumbuka arudi ayaseme. Salmin akamwambia karibu.

Simu ziliwaka zote. Wa kwanza ni mama mmoja Mkenya anayefanya kazi kwenye lile duka kubwa la Bloomington, alikuwa akilia akipiga vigelegele. Mzee mmoja wa Saint Paul aliuliza kama sauti ya katikati ni Lucky yuleyule wa mwaka 1972. Lucky akachukua simu mwenyewe akasema, "Ndiyo. Na dada zangu waliitwa hivi." Akawataja, majina yao kamili, hewani, mmoja baada ya mwingine.

Salmin alifunga kipindi kwa maneno haya: "Mmemsikia mama yangu na wenzake." Alirudia mara mbili. Nimerekodi kipindi kizima, na kanda naituma kwa anwani ya Faridah, si ya Khadijah. Nadhani mnaelewa kwa nini.

Kibibi


Mombasa, 4 Januari 1997

Kibibi,

Kanda imefika. Mimi si mwandishi wa barua, kwa hiyo vumilia.

Hujui jambo moja, na sikumwambia hata Khadijah. Mimi nilidhani ni kaka yangu. Mashine ilikuwa yake. Alikana, sikumsadiki. Tulikaa nyumba moja nikimpa chakula bila salamu mpaka alipofariki mwaka wa themanini na tisa. Hilo redio yako haiwezi kulisema, wala Khadijah hawezi kuliombea radhi. Hilo ni lako na mimi. Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakuandikia, na sitatumia mtu.

Sasa ya kanda. Nilitaka kuisikiliza peke yangu na mlango kufungwa, kama tulivyozoea. Nikakaa nayo siku mbili juu ya cherehani. Nikaona hapana. Mlango nilifungiwa vya kutosha.

Nikaenda nayo dukani kwa Alwi, saa nne asubuhi, Jumamosi, mtaa umejaa. Khadijah nilimpitia, akaja na wasichana wake sita wa madrasa, wale wakubwa. Wawili wameondolewa na mama zao, waliobaki wamemganda kama kupe. Alwi akatoa spika mbili kubwa akaziweka kizingitini, uso wake umeng'aa utadhani ni yeye aliyeimba. Nikamwambia, "Wewe utakaa nyuma, hii si harusi yako." Akakaa nyuma.

Nilikusikia ukisema jina langu. Ulilisema kwa Kiingereza, kisha ukalisema kama linavyosemwa. Wapita njia walisimama. Uliposema "nikanyamaza" mwanamke mmoja barabarani alisema "Ebo!", nikafurahi, nakwambia kweli.

Halafu tukaimba sisi, ndani ya kanda. Niliisikia sauti yangu inapanda pale kwenye sehemu ya pili, na Wallahi, Kibibi, sikujua kwamba nilikuwa mzuri hivyo. Hakuna aliyeniambia. Khadijah alikuwa amenishika mkono, pete yake inaniumiza, sikuutoa.

Yule kinyozi mzee wa Kibokoni aliyekuwa akiipiga Sikungoji mwaka ule, amekuwa kipofu sasa, alikuja akiongozwa na fimbo mpaka mbele ya spika. Akauliza, "Nani hawa?"

Wasichana walitaka kumjibu. Nikawanyamazisha.

Nikamwambia, "Faridah, Khadijah na Kibibi. Ya pili ni mimi. Kaa, Mzee, haijaisha." Nikamwambia Alwi aongeze sauti.

Faridah binti Athmani